Chai Katika Chumba cha Baridi

Nikisema mashine haijui, je, nitakuwa nimesema kwamba Nembris hana kosa? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi mwaka ule nilipotoka chuoni, na mpaka leo, nikiwa mtu mzima ambaye magoti yake yanalalamika kila anapopanda ngazi, sina hakika kama nimewahi kulijibu. Watu wengine wakipata wasiwasi huomba, au hunywa, au hutafuta mtu wa kumweleza. Mimi nilikuwa nawaza, na nikimaliza kuwaza naanza kuwaza kama nimewaza vizuri. Nililala chali kwenye kitanda cha futi tatu na nusu, macho kwenye bati, nikilipindua swali lile kama chapati inayokataa kuiva. Asubuhi ikifika nilikuwa nimechoka kuliko nilivyolala, na swali lipo vilevile.

Nisingelikumbuka kwa undani huu kama si msiba. Mwezi uliopita alifariki Bwana Kimaro, mwajiri wangu wa kwanza, na kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao Machame tulikusanyika nyumbani kwake Njiro, ndani ya ule ukuta mrefu aliojenga mara tu biashara iliponyooka. Nimeshazoea misiba. Nimefika umri ambao nguo nyeusi haikunjwi kabatini, inaning'inia tu tayari kwa safari. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, na nilipoletewa sahani nikataka kumpisha aliye nyuma yangu, maana watu wengi walikuwa bado hawajala. Binti mwenye upawa akaniambia, "Kula, mama, tunaanza na wakubwa." Niligeuka nyuma kuangalia huyo mkubwa ni nani. Hapakuwa na mtu. Basi nikala, na wali ulikuwa mgumu kushuka, si kwa huzuni tu. Ndipo akaja Nembris na birika la chai, ameshika kikombe kwa mkono mwingine, mwanamke wa Kiarusha mrefu kama zamani ila ameinama kidogo begani. Ana shamba lake na ng'ombe wachache upande wa magharibi wa Meru siku hizi. Akanimiminia, akaniinamia sikioni. "Injinia," akasema, "hii kunywa tu. Usitumbukize kitu." Tukacheka mpaka mzee mmoja wa kanisa akatutazama vibaya. Mtoto wa marehemu akauliza kinachochekesha ni nini. Nikamwambia nitamweleza siku nyingine. Sikumweleza, kwa sababu kumweleza kungehitaji kumweleza pia habari za baba yake, na mtu haelezi hivyo jeneza likiwa sebuleni.

Mwaka ule nilipanga chumba mtaa wa Levolosi, kwa Mama Ndeshi, mjane wa Kimeru aliyekuwa na vyumba vinne kuzunguka ua mmoja. Changu kilitenganishwa na cha Nembris na wanawe kwa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka zikaachana, kiasi kwamba akiwasha taa kwake, mistari ya mwanga ilinilalia kwenye shuka. Jiko la wote lilikuwa barazani, mbele ya dirisha langu, kwa hiyo sikuhitaji redio. Niliijua bei ya kila kitu sokoni, nani ameposwa, mchungaji gani amehamishwa. Mama Ndeshi alitukataza kupika kila mtu sufuria yake. Mkaa unapotea bure, alisema. Jioni tulikula pamoja, machalari ya ndizi na nyama au loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na yeye ndiye aliyepakua. Alikuwa na desturi yake ya kupakua, na wapangaji wapya iliwashangaza: alianza na mtoto mdogo kuliko wote, akapanda hivyo hivyo mpaka kwake mwenyewe, akaishia na ukoko. Mimi niliyezoea kuona baba na wageni wakitangulia nilimuuliza sababu. "Mkubwa anajua kungoja," akasema, "huyu mdogo atalia tule kwa kelele." Siku za kwanza nilinyoosha mkono mapema, nikapewa kipande kisicho changu, watoto wakanicheka. Baadaye nilizoea. Ilikuwa ni suala la kujua uko nyumba gani.

Ulikuwa wakati wa soko huria. Kazi ya serikali tuliyoahidiwa tulipoanza chuo haikuwepo tulipomaliza. Mashirika yaliyokuwa yakiajiri wenzetu waliotutangulia yalikuwa yakiuzwa, na kila aliyekuwa na mtaji kidogo alikuwa akifungua kitu. Bwana Kimaro alikuwa na duka la vipuri vya magari karibu na Mnara wa Saa. Akalifunga, akapanda ghorofani, akaanza kuuza kompyuta. Hakusomea. Alijifunza mwenyewe kwa vitabu na ukaidi, na lazima niseme alijifunza vizuri kuliko wengi niliokaa nao darasani. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya plastiki mpya na grisi ya zamani, na mezani daima palikuwa na andazi lililoliwa nusu. Aliniajiri kwa mazungumzo mafupi. "Umesoma mambo ya mitandao?" Nikasema ndiyo, ingawa inategemea tunamaanisha nini tukisema mitandao. Akacheka. "Wewe utanichosha," akasema, "lakini njoo Jumatatu."

Mteja wetu mkubwa alikuwa shamba la maua upande wa Usa River, ambapo waridi zilikatwa, zikapangwa, zikalazwa kwenye chumba cha baridi kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege. Ndiko Nembris alikofanya kazi. Alikuwa msimamizi wa chumba hicho kwa zamu ya mchana, na lori la shamba lilimchukua barabarani kabla jua halijatoka. Shamba lilikuwa limenunua mitambo ya baridi iliyotumika ng'ambo, na pamoja nayo kisanduku cha ukutani chenye waya mrefu, na mwisho wa waya kipima joto kama kidole cha chuma. Kisanduku kilituma joto kwenye kompyuta iliyowekwa nje ya mlango wa chumba, nasi ndio tuliouza kompyuta hiyo na programu ya kusoma. Programu aliiandika Bwana Kimaro mwenyewe kabla sijaja. Siku ilipofungwa, kipimajoto cha mshale, cha duara kama saa, kilichokuwa mlangoni kiling'olewa. Kompyuta ipo, cha nini tena?

Nilisikia habari ya kikao kupitia dirisha, jioni, nikiwa nimejilaza kabla ya chakula. Mama Ndeshi alikuwa akimenya ndizi, na Nembris amerudi na lori.

"Yeyo," Nembris alisema, ndivyo alivyomwita, mama kwa Kimaasai, "wameniita kikao wiki ijayo."

"Kikao cha nini tena?"

"Maua yamefika huko Ulaya yamelegea vichwa. Wametoa makaratasi ya kompyuta. Yanasema zamu yangu chumba kina joto. Kwamba naacha mlango wazi."

"Kompyuta ina macho?"

"Ina waya."

"Na wewe unauacha?"

"Mimi? Ule mlango nautia goti mpaka ulie kwaa! Angalia goti lenyewe." Nikasikia sketi ikipandishwa, na Mama Ndeshi akiguna. "Wakinitoa pale, yeyo, wale watoto nawarudisha kwa babu yao wakachunge. Shule basi."

"Si tunaye wa kompyuta hapo ndani? Muulize."

"Akh, mwache mtoto wa watu apumzike. Huyo ukimuuliza saa ngapi atakwambia inategemea."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kuchoka, na ndizi zikaendelea kudondoka kwenye maji. Nilipoitwa kula sikuinua macho. Nembris alinisogezea chumvi kama kawaida.

Nilijipangia safari ya shambani kwa kisingizio cha kufuta vumbi kwenye kompyuta. Mchana ule skrini ilisema kumi nukta mbili, joto ambalo waridi hazilivumilii. Niliingia chumbani. Ndoo za maua zilikuwa zimepangwa kwa mistari, nyekundu na njano, na baridi ilinipanda miguuni mara moja. Kumi? Nilijiambia labda nimevaa nguo nyepesi. Labda mtu wa wasiwasi husikia baridi zaidi. Nikakishika kile kidole cha chuma kwa viganja viwili, nikakipulizia pumzi, nikakibana kwapani kama tunavyofanya kwa mtoto mwenye homa, kisha nikachungulia skrini kupitia kioo cha mlango. Kumi nukta mbili. Nikangoja. Kumi nukta mbili. Chuma kimepata moto wa mwili wa mtu, na kompyuta haina habari.

Nilibeba nakala ya programu mpaka ofisini, nikaisoma mstari kwa mstari wakati Bwana Kimaro yuko benki. Tatizo lilikuwa dogo, la aina ambayo nilikuwa nimeiandika kwenye mtihani, nikapata alama, nikaisahau. Namba ya joto haikutosha kwenye baiti moja, kile kifurushi kidogo ambacho kompyuta hubebea namba, kwa hiyo ilitumwa kwa baiti mbili, moja ya sehemu kubwa na moja ya sehemu ndogo. Ni kama mtu anayekutajia namba kwa tarakimu mojamoja, tatu, halafu saba: kama ameanza na makumi, ni thelathini na saba, ukidhani ameanza na mamoja, utaandika sabini na tatu. Mashine nyingine ndani yake huanza na kubwa, nyingine huanza na ndogo, na kila moja inashiba nyumbani kwake. Ndiyo maana kwenye mitandao watu walikubaliana tangu zamani kwamba zikiwa njiani, sehemu kubwa itangulie, na kila mashine igeuze yenyewe ikishapokea. Kile kisanduku kilifuata makubaliano hayo. Kompyuta yetu, kama zote tulizokuwa tukiuza, ilianza na ndogo. Na programu ya Bwana Kimaro haikugeuza.

Lakini hilo peke yake lingegundulika siku ya kwanza, kwa sababu namba zilizopinduliwa hivyo hutoka za ajabu, joto la kuyeyusha chuma, au baridi isiyopo duniani. Nilipomwonyesha aliporudi, hakubisha. Alivuta kiti, akalimalizia andazi lake.

"Zilikuja hizo takataka mwanzoni," akasema. "Nikadhani waya una kelele. Nikaweka chekeche."

"Chekeche?"

"Wewe ukinunua maharage hupepeti? Namba isiyofanana na joto la chumba, tupa, acha ile ya mwisho iliyokuwa na akili. Mteja hapendi kuona uchafu, Aika. Na jioni ile ile ilisoma tano, na ile saa ya mlangoni ilisema tano. Tukashikana mikono."

Niliketi nikaipiga hesabu mbele yake. Tano ile ilikuwa kati ya namba chache ambazo ukizipindua zinabaki zilezile, kama ishirini na mbili. Nyingine karibu zote zilitupwa na chekeche, na zilizopita zilikuwa zile ambazo kwa bahati zikipinduliwa zinafanana na joto. Usiku chumba kiliposhuka, ikapita namba moja nzuri, ikabaki hapo mpaka asubuhi. Mchana, maua mapya yakiingizwa, chumba kilipanda kidogo mpaka nyuzi tano na ushee, ambayo ikipinduliwa inatoka kumi, au nane, au kumi na mbili. Ikapita, ikaganda pale hata kama chumba kilishuka dakika ileile. Zamu ya usiku ikaonekana malaika. Zamu ya Nembris ikaonekana inaacha mlango wazi. Hapakuwa na mtu aliyedanganya. Ilikuwa ni uchafu uliopepetwa vizuri sana mpaka ukafanana na chakula.

"Sasa?" Bwana Kimaro akasema. "Ni mistari miwili hiyo. Geuza, toa chekeche, tia kwenye disketi, ukienda tena uweke. Kwisha."

"Na makaratasi ya nyuma?"

"Ya nyuma yameshapita."

"Kuna mtu anafukuzwa kwa hayo, bosi."

Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, na nililifikiria tena msibani nikimwangalia kwenye picha iliyowekewa maua. Alikuwa ameacha biashara aliyoijua kwa ajili ya asiyoijua, na chini ya ngazi yetu walikuwa wamefungua wengine wawili wanaouza kitu kilekile, wakingoja ateleze. "Mwanangu," akasema polepole, "ukisema ya jana ni mabaya, watauliza ya juzi. Wakimaliza ya juzi watauliza ya wateja wengine. Halafu wewe utakula wapi? Na huyo dada, una hakika alifunga mlango? Ulikuwepo?"

Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu sikuwepo. Kama angenitisha tu ningemkasirikia, na hasira ingenisaidia. Lakini aliuliza swali langu mwenyewe. Maua yalilegea kweli huko yalikofika. Kitu fulani kiliyaharibu. Huenda ni uwanja wa ndege, huenda ni lori, huenda kweli siku moja Nembris alichoka akaacha mlango. Nilichokuwa nacho mkononi hakikuwa ushahidi wa kumtetea. Kilikuwa ni kwamba mashine haikujua chochote, wala la kumfunga wala la kumfungua. Je, mtu anasimama mbele ya kikao kusema hivyo? Nilijaribu sentensi mbalimbali kichwani. Zote zilisikika kama mtu anayejibu kwamba inategemea. Wiki ile nilikonda. Mama Ndeshi alinitazama nikisukuma ndizi sahanini, na jioni moja akavunja desturi yake, akanipakulia kabla ya watoto. "Wewe wiki hii ndiye mdogo," akasema. Watoto wakalalamika. Nembris akacheka, na mimi nikaona jinsi alivyokuwa ameacha kula nyama, anawawekea wanawe pembeni, kama mtu anayejizoeza.

Siku ya kikao Bwana Kimaro alinituma mwenyewe. Shambani walikuwa wameomba wachapishiwe taarifa ya mwezi mzima. "Kwanza weka disketi," akaniambia mlangoni, "programu mpya iingie. Halafu chapa za nyuma, wape, rudi. Usianze kuwaza." Nilishuka ngazi na disketi kwenye mkoba, nikamwitikia ndiyo, shikamoo, kwaheri, yote kwa pamoja, na njia nzima mpaka Usa River niliwaza. Niliwaza kwamba nikiweka programu mpya kwanza, ile ya zamani itakuwa imekufa bila mtu kuiona, na kitakachobaki ni karatasi zake, zimenyooka, zina tarehe, hazina aibu. Niliwaza pia kwamba nisipoiweka, nitakuwa nimeasi. Na niliwaza, kwa sababu ndivyo nilivyo, kwamba hata nikitaka kuwaonyesha, inaweza ikatokea namba moja ya bahati ikapita chekecheni mbele yao, skrini ikabadilika, nikaonekana mwongo.

Kikao kilikuwa kwenye kona ya ukumbi wa kufungia maua, mezani pembeni ya kompyuta. Meneja, mtu mpole mwenye mafua ya kudumu kwa ajili ya kile chumba, alikuwa na kikombe cha chai kinachotoa mvuke. Nembris alikaa kwenye kreti iliyogeuzwa, amevaa kitenge kizuri, kama mtu anayeenda kanisani. Aliponiona hakuonyesha kwamba tunafahamiana. Nilijua ananilinda, na ilinichoma.

"Haya, binti," meneja akasema, "tuchapie, tumalize hili jambo. Na sisi hatulipendi."

Nilikaa mbele ya kompyuta. Skrini ilisema kumi nukta mbili. Disketi ilikuwa mkobani, mkono wangu juu yake, na nikasikia lile swali likianza tena, upande huu, upande ule. Je, ana kosa? Sijui. Nikagundua kwamba nimeshachoka kutojua, na kwamba kutojua kwenyewe ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho. Nikautoa mkono mkobani, mtupu.

"Meneja, shikamoo tena," nikasema. "Naomba chai yako."

"Chai?"

"Nitairudisha. Wewe kaa hapa, usome namba kwa sauti."

Nembris alinyanyuka kabla hajaambiwa. Akanifungulia mlango, nikaingia na kikombe kati ya ndoo za waridi, na yeye akausukuma mlango nyuma yangu kwa goti mpaka ukalia kwaa. Kidole cha chuma kilikuwa kinaning'inia kwenye waya wake, chenye baridi ya kuuma. Nikakishusha chaini mpaka kikazama, mvuke ukanipanda usoni.

"Soma!" nikapaza sauti.

Kupitia kioo nilimwona meneja akiinama. "Kumi nukta mbili."

Nikangoja. Vidole vyangu viliungua kwenye kikombe, mgongo wangu ukaganda. Nje ya kioo Nembris alikuwa amesimama na mikono kifuani, haangalii skrini, ananiangalia mimi.

"Soma tena!"

Meneja alifuta kioo cha skrini kwa mkono wa shati, akatazama kikombe kilichokuwa mkononi mwangu, mvuke wake ukipanda kwenye baridi, kisha akaitazama tena namba.

"Kumi nukta mbili," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Basi," nikamwambia, "hizi ndizo namba mlizoniita nichape."